Samaki wa kioo: niliyopaswa kuyajua kabla ya kununua

Siku ya nane tangu wanunuliwe, samaki wa tatu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki, alikutwa akielea ubavu ndani ya bakuli la kioo lililokuwa juu ya kabati la televisheni sebuleni kwangu. Binti yangu, wakati ule akiwa na umri wa miaka saba, alisimama mbele ya bakuli hilo akiwa amekwisha kuvaa mtandio wake wa madrasa, juzuu i mkononi, akaniuliza, “Baba, ni sisi tuliowaua?”

Nilikuwa nawahi kikao cha kamati ya msikiti, na mwenye haraka hutoa jibu lililo karibu. Nikamwambia kwamba hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, siku zao zilikuwa zimetimia. Mtoto akanyamaza. Nami nikatoka na daftari la kumbukumbu kwapani, lakini jibu lile halikunikaa sawa moyoni. Kadari tunaiamini, naam. Lakini tumesomeshwa vilevile kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza ndipo akategemea, na mimi sikuwa nimefunga chochote. Nilinunua viumbe watatu wenye uhai kutoka kwa mchuuzi wa kando ya barabara wakiwa katika mfuko wa plastiki, nikawatia katika lita nne za maji yaliyotoka bombani muda huo huo, nikawaacha watu sita wa nyumba moja wawalishe kila mmoja kwa wakati wake, kisha walipokufa nikaitwisha kadari mzigo wangu.

Baada ya Isha nilirudi kwa binti yangu nikamwambia ukweli: ndiyo mwanangu, ni sisi, na hasa ni mimi, kwa kuwa sikujua na wala sikuuliza. Alifikiri kidogo, akasema kwamba basi tungeuliza kwanza, ndipo tununue wengine. Imepita miaka mitatu tangu usiku ule. Tangi la pili bado lipo sebuleni, samaki wamo, na wazazi wanaotutembelea huniuliza maswali yale yale kiasi kwamba nimeona ni bora niyaandike.

Kabla sijaendelea, nigusie jambo linalosemwa na baadhi ya wazee wetu, kwamba kuweka samaki wa kutazama ni anasa na ni kumfunga kiumbe bila sababu. Chuoni tulisomeshwa kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege alichokuwa akicheza nacho, na namna Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akimtania na kumuuliza habari za kidege hicho. Wanazuoni wamechukua katika kisa hiki ruhusa ya kuweka kiumbe nyumbani, madhali anapewa haki yake. Na upande wa pili kila Muislamu anakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ruhusa ipo na sharti lake lipo. Mengine yote katika makala haya yanahusu sharti.

Maji yaliyo twahara, na bado yanaua

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba maji ya bakuli letu yalikuwa meupe kabisa siku samaki wa mwisho alipokufa. Katika fiqhi tunayapima maji kwa rangi, ladha na harufu. Ikiwa hakuna kilichobadilika, mtu anatawadha na kuswali. Maji yale kwa kipimo hicho hayakuwa na kasoro. Lakini samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake anapopumua, na zaidi hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza. Amonia kwa kiwango kidogo kinachotosha kumuua samaki haina rangi, na pua ya mwanadamu haiisikii. Katika mto au ziwa hutawanyika na kuondoka. Katika bakuli la lita nne haina pa kwenda, na samaki anapumua ndani ya choo chake mwenyewe. Joto la Pwani huongeza ukali wake, na maji yenye magadi huongeza zaidi.

Mwenyezi Mungu ameumba bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia hiyo. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kali kwa samaki. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka kiwango fulani, na ambayo mimea huila kama mbolea. Bakteria hawa hukaa juu ya mchanga, juu ya kioo, na hasa ndani ya sponji ya chujio, pale maji yanapopita yakiwa na hewa. Hawanunuliwi pamoja na tangi jipya. Hujiotea wenyewe taratibu, na huchukua wiki nne mpaka sita kuwa wengi wa kutosha. Mtu anayeweka tangi Ijumaa na kulijaza samaki Jumamosi amewaingiza wageni katika nyumba isiyo na choo. Nimeyaona haya katika nyumba nne za jamaa zangu, na mara zote samaki walikufa kati ya siku ya tano na wiki ya tatu, kila mtu akimlaumu muuzaji.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza kwa mzazi ni subira ya mwezi mmoja. Tangi liwekwe, lijazwe maji, chujio lifanye kazi usiku na mchana, na kila siku kiasi kidogo cha chakula cha samaki kitupwe ndani kana kwamba samaki wapo. Chakula hicho kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watapata riziki yao na kuongezeka. Anayeweza kupata vipimo vya maji, vile vya matone au vya vikaratasi, atajua siku ambayo amonia na nitriti zote zimerudi kwenye sifuri. Siku hiyo ndiyo ya kwenda kununua samaki. Asiyevipata atimize wiki sita, kisha aanze na samaki watatu tu, na katika mwezi wa kwanza abadilishe robo ya maji mara mbili kwa wiki. Ipo pia njia ya mkato iliyo halali: kumwomba rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akupe kipande cha sponji yake chafu, ukitie katika chujio lako kabla hakijakauka. Uchafu huo ni mtaji.

Binti yangu aliupata mwezi huo wa kusubiri kuwa mrefu kuliko Ramadhani. Nilimpa daftari, nikamfundisha kuandika tarehe, joto la maji na alichokiona. Siku nyingi aliandika “maji tu”. Siku ya kumi na tisa aliandika kwamba ameona konokono mdogo aliyekuja na jani la mmea, na nyumba nzima ikaitwa kumtazama.

Maji ya bomba na ya kisima

Klorini inayotiwa katika maji ya bomba ili tusiugue huunguza matamvua ya samaki na kuwaua bakteria niliowataja. Mengi ya hayo humalizika kwa kuyaacha maji katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, na yakikorogwa au kupulizwa hewa ni bora zaidi. Mahali pengine hutumika mchanganyiko wa klorini na amonia ambao hauondoki kwa kuachwa wazi, na hapo mtu hana budi kutumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Chupa ndogo hudumu miezi mingi.

Wengi wetu katika miji ya Pwani tunategemea visima, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Kipimo kila mama wa nyumba anacho: ikiwa chai iliyopikwa kwa maji hayo inabadilika ladha, usiwawekee samaki wa mtoni wasiozoea. Gapi na moli huvumilia chumvi kidogo, wengine hapana. Maji ya mvua ni mazuri mno kwa kutawadhia, ila kwa samaki hayana madini ya kutosha. Yachanganywe nusu kwa nusu na maji mengine, na yasikingwe mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati.

Ndoo ya samaki iwe ya samaki peke yake. Iandikwe kwa wino usiofutika, na ambaye ataifulia nguo aelezwe mapema kwamba atanunua nyingine, kwa sababu sabuni kidogo iliyonata kwenye plastiki inatosha kuharibu tangi zima.

Tangi, fundi na umeme

Bakuli la mviringo liachwe kwa maua. Lina maji machache, uso wake unaokutana na hewa ni mdogo, na halina mahali pa chujio. Watu hudhani tangi dogo ni jepesi kwa anayeanza, kumbe ni kinyume: maji yakiwa mengi, kosa dogo hupata pa kutawanyika. Mimi nashauri lisipungue lita 50. Hesabu yake ni rahisi, na ni zoezi zuri la watoto wa darasa la tano: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi langu lina sentimita 60 kwa 30 kwa 35, yaani lita 63.

Si lazima kununua lililotoka nje. Fundi wa madirisha ya alumini na vioo anaweza kulitengeneza, ukimpa vipimo na ukimsisitiza mambo mawili. Kioo kisiwe chembamba kuliko milimita 5 kwa ukubwa huu, na silikoni iwe ile ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Silikoni inayofaa hunuka kama siki inapokauka. Iache wiki nzima, kisha lijaze tangi maji nje barazani na uliache siku mbili. Langu lilivuja kwenye kona moja, na nilimshukuru Mungu kwamba lilivujia barazani.

Lita 63 za maji ni kilo 63. Ongeza kioo na mchanga, unakaribia kilo 80. Meza ya plastiki haibebi mzigo huo. Weka kipande cha povu jeupe, lile linalokuja na mafriji, chini ya tangi ili kioo kisikalie ncha ya msumari au kijiwe. Lisikae dirishani, maana jua huotesha mwani na kuyachemsha maji. Lifunikwe, kwa ajili ya paka, mijusi na samaki wenyewe, ambao huruka.

Chujio la anayeanza ni la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Ni la bei nafuu, halinyonyi vifaranga vya samaki, na likiharibika kila kitu chake hupatikana. Pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake uwe na kizuizi cha kuyarudisha maji. Vinginevyo umeme ukikatika maji hurudi kwa njia ya mpira, yakaingia ndani ya pampu na kumwagika sakafuni. Waya uachwe uning’inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, ili tone linaloteremka juu ya waya lianguke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Na kila mtoto wa nyumba ajue kwamba mkono hauingii majini kabla plagi haijachomolewa. Katika hili sina mzaha.

Umeme ukikatika kwa saa mbili tatu, hakuna la kuogopa isipokuwa tangi limejaa kupita kiasi. Ukizidi hapo, mtoto achote maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, dakika chache kila baada ya nusu saa. Maji yanayoanguka huchukua hewa. Samaki wasilishwe mpaka umeme urudi. Wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hawahitaji hita. Wa Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi wanaihitaji katika miezi ya baridi kwa samaki wa nchi za joto, ambao wengi wao hupenda nyuzi 24 mpaka 28.

Nani aingie ndani

Samaki wa dhahabu, yule ambaye kila mtoto humtaka, asili yake ni China, na ndiye asiyefaa kabisa kwa bakuli. Akitunzwa vizuri hufikia sentimita 20 na huishi zaidi ya miaka 10, hupendelea maji ya baridi kuliko ya kwetu, na hutoa uchafu mwingi kupita samaki wengi wa kimo chake. Ni samaki wa bwawa la uani. Beta, mwenye mapezi marefu kama kanga iliyotandazwa, anatoka Thailand na nchi jirani; anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana wauzaji humweka kwenye kikombe. Kuweza kuishi humo hakumaanishi kwamba panamtosha. Madume wawili hupigana mpaka mmoja ajeruhiwe au afe, na kule kwao watu wamewapiganisha kwa kamari tangu zamani. Mmoja peke yake katika tangi lenye mimea ni samaki mzuri na mtulivu.

Kwa anayeanza naona hakuna kama gapi. Jina lake limetokana na Robert Guppy, aliyewapeleka London kutoka kisiwa cha Trinidad katika miaka ya 1860. Ni wadogo, wavumilivu, madume wana rangi ambazo hazifanani, na hula viluwiluwi vya mbu. Hawatagi mayai, huzaa. Jike huzaa takriban kila baada ya wiki nne, na huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo jike unayemnunua karibu kila mara ni mjamzito. Asiyetaka kuzalisha anunue madume matupu. Anayetaka aweke majike wawili au watatu kwa kila dume, kwa sababu dume hachoki kusumbua, na jike mmoja hudhoofika. Mzazi ajiandae pia kwa swali jingine gumu: gapi huwala vifaranga vyao wenyewe. Mimea mingi inayoelea hupunguza hasara hiyo. Mimi nilimweleza binti yangu kwamba samaki hana akili ya kumtambua mtoto wake kama sisi, naye aliandika katika daftari, “Jike amekula watoto wanne. Hajui.”

Tangi la lita 63 lianze na gapi watatu au wanne, lisubiri wiki mbili au tatu, ndipo waongezwe wengine wanne. Siku ya kuwaleta, mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 mpaka 20 ili joto lilingane, kisha uufungue na kuongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne au tano. Wavue kwa kijuya, na maji ya dukani yamwage nje, yasiingie nyumbani kwako na magonjwa yake.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani hutafuta kwa hamu samaki wa Kigoma, ilhali sisi tunabeba samaki wa China katika mifuko. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinakaribia mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wapo wanaokwangua mwani kwenye majabali. Wapo wenye nundu kichwani wanaofikia sentimita 30, ambao havifai kwao vitangi vyetu. Na wapo wale ninaowapenda kuliko wote, samaki wadogo wanaokaa ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya ziwa. Aina moja dume hafiki hata sentimita 5. Kila mmoja ana kombe lake, hulizika nusu mchangani kwa kuchota mchanga kwa mdomo, na hatari ikija huingia ndani kama mtu anayefunga mlango. Maji yao ni mazito kwa madini na yana magadi, kwa hiyo aliye na maji magumu yasiyo na chumvi huwatunza kwa urahisi kuliko samaki wa Amazon, wanaotaka maji laini. Lakini wawe peke yao, na mchanga laini, na makombe zaidi ya idadi yao. Unguja nako kuna samaki mdogo wa rangi kali anayeishi katika vidimbwi vya mvua; dimbwi likikauka yeye hufa, na mayai yake hubaki ndani ya tope mpaka msimu wa pili.

Mkono unaolisha

Baada ya amonia ya tangi jipya, muuaji wa pili ni upendo. Samaki huja mbele ya kioo kila amwonapo mtu, na mtoto hudhani ana njaa. Chakula kiwe mara moja au mbili kwa siku, kwa kiasi watakachokimaliza ndani ya dakika mbili, na kilichobaki kitolewe. Nyumba imchague mtu mmoja wa kulisha. Sisi tulifunga kijiko kidogo kwenye mkebe wa chakula, na ukiukuta mkebe umegeuzwa juu chini maana yake wamekwisha kula.

Ramadhani ya kwanza ilitutia hasara kwa jambo ambalo sikulifikiria. Ratiba ya nyumba ilipogeuka, na ya samaki ikageuka: mmoja aliwalisha baada ya futari, mwingine wakati wa daku taa zikiwa zimezimwa na samaki wamelala. Chakula kilizama, kikaoza, na siku ya tano maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Tangu mwaka uliofuata kazi hiyo tumempa mdogo wa nyumba ambaye hafungi, nusu saa kabla ya Maghrib, mara moja tu. Samaki wazima wakubwa hukaa bila chakula siku kadhaa bila dhara, hata wiki, kwa hiyo familia inayosafiri kwa Idi isimkabidhi jirani mkebe mzima. Jirani mwema ndiye anayewamaliza.

Kila Jumamosi tunatoa robo ya maji kwa mpira mwembamba, tukinyonya uchafu wa mchangani, na kurudisha maji yaliyolala yenye joto lile lile. Msianze kuvuta mpira kwa mdomo. Kwa aliyefunga sababu iko wazi, na kwa asiyefunga ni kwamba maji ya tangi yana vidudu. Uzamishe mpira wote majini mpaka ujae, ziba ncha moja kwa kidole, uitoe hadi kwenye ndoo, achia. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji hayo hayo ya tangi, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itawaua bakteria mliowangoja mwezi mzima. Maji machafu tunamwagia mchicha wa uani, ambao sijawahi kuuona ukistawi hivi. Mikono ioshwe kwa sabuni mwishoni, hasa yenye mikwaruzo.

Akiugua

Kabla ya dawa yoyote, shuku maji. Samaki wanaohema kwa mdomo usoni mwa maji wanakosa hewa au wanaunguzwa na amonia. Badilisha theluthi moja ya maji papo hapo na uongeze nguvu ya pampu. Nimemwona mzazi mmoja akifungua vidonge vya rangi mbili, vile tunavyonunua dukani kwa vidonda, na kuvimwaga katika tangi. Dawa ile haikutibu kitu, na huweza kuwaua hata bakteria wa chujio.

Ugonjwa mtakaoukuta mapema ni wa madoadoa meupe, kama samaki amenyunyiziwa chumvi ya mezani, naye hujikuna kwenye mawe. Ni kimelea. Dawa yake ya gharama ndogo ni chumvi safi isiyotiwa kitu, gramu 2 kwa kila lita, yaani takriban gramu 120 kwa tangi kama langu, iliyeyushwe kwanza na kutiwa kidogo kidogo kwa muda wa siku nzima, maji yakiwa na joto la nyuzi 28 mpaka 30. Endeleeni siku 10 hata kama madoa yametoweka siku ya tatu, kwa sababu kimelea kinapoanguka kutoka kwenye ngozi huenda chini kuzaliana. Mimea mingine haiipendi chumvi hiyo, wala samaki wasio na magamba.

Aliyechoka kufuga asiende kuwamwaga samaki mtoni wala kwenye bwawa akidhani amewapa uhuru. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu ambazo hazikuwepo mahali pengine popote zilitoweka baada ya hapo. Hata gapi, mdogo kama ukucha, huwabana samaki wenyeji katika vijito. Wapeni watu wengine.

Sisi tunagawa. Majike watatu walikuwa gapi arobaini kabla ya mwaka kuisha, na sasa nyumba sita za mtaa wetu zina vizazi vyao. Binti yangu, ambaye ana miaka kumi, ndiye mwenye daftari na ndiye mwenye uamuzi, na hampi mtu samaki mpaka amwoneshe tangi lililokaa na maji wiki sita. Imamu wetu msaidizi aliomba wanne mwezi uliopita kwa ajili ya wajukuu wake. Ameandikwa, tarehe yake imewekwa, na anasubiri kama wengine.